Kufufua pikap ya zamani kwa pesa kidogo: anza chini, rangi iwe mwisho

Kama umenunua pikap ya zamani na mfukoni pesa ni ya kuhesabu, nakuomba kitu kimoja kabla ya vingine vyote, rangi iache kwanza. Nasema hivi kwa sababu hapa Arua, Uganda, naona sana gari linatoka gereji linang'aa, mlangoni limeandikwa jina la mtoto, tairi zimepakwa blaki, alafu wiki chache baadae unalikuta pembeni ya barabara ya Vurra boneti juu, mwenyewe amesimama na jerikeni ya maji hajui aanzie wapi. Pesa yote iliishia juu, kule chini hakuna mtu aliyegusa. Inaniuma kweli, maana mara nyingi gari lenyewe lilikuwa zuri na pesa ilikuwepo, ila ilienda mahali pasipo pake.

Yangu ni Toyota Hilux ya 1986, singo kabini, fo-wili (inavuta magurudumu yote manne), dizeli, injini ile inayoitwa 2L, hilo ni jina lake tu siyo lita mbili. Niliinunua kwa mzee mmoja upande wa Koboko, ilikuwa imesimama chini ya mwembe muda mrefu, kuku wanataga ndani ya bodi ya nyuma, tukabembelezana mpaka shilingi za Uganda milioni 6 na nusu. Nikajiwekea kwamba nikijumlisha na bei ya gari lenyewe nisivuke milioni 14, na sijavuka, iko barabarani, inabeba, ndo maana naona nina cha kuwaambia wale wanaotaka kuanza.

Wengine wananiuliza kwa nini usiagize tu Japan gari la karibuni karibuni. Mimi nataka hii hii. Na pia tuelewane, sheria ya 2018 ilifunga mlango, gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe haliruhusiwi tena kuingizwa Uganda, kwa hiyo hizi Hilux za miaka ya 80 zilizomo ndani ya nchi ndo hizo hizo basi, zingine haziji. Kila moja inayokatwa ikauzwa skrepa ni moja imepungua. Hilux zilianza kutengenezwa 1968, Toyota wakishirikiana na Hino, na umbo hili letu la pembe pembe lilitoka 1983. Mwaka 1987 Wachadi waliwafukuza Walibya jangwani wakiwa juu ya pikap za Toyota mpaka ile vita ikaitwa Vita vya Toyota. Lakini mimi sihitaji habari za Chad kuipenda hii gari, huku West Nile ndo iliyobeba tumbaku, ikabeba samaki wa Panyimur, ikabeba wagonjwa usiku, mabibi harusi, na watu waliokuwa wanakimbia. Ukiisikia ile dizeli inapanda kilima unajua ni nini kabla hujaiona.

Sasa kuinunua. Siku ya kwenda kuangalia gari beba nyundo ndogo na bisibisi, na nguo za kulala chini. Hii gari bodi imekalia chesis, na chesis ni vyuma viwili virefu vya boksi kutoka mbele mpaka nyuma, ndani viko wazi. Huo uwazi ndo shida yote. Matope yetu mekundu yanaingia kwenye vile vitundu, yanakaa humo, yanashika unyevu hata wakati wa kiangazi, kutu inakula kutoka ndani kuja nje, na wewe kwa nje unaona rangi nyeusi safi kabisa mtu ameipaka juzi. Kwa hiyo lala chini ugonge polepole, anza nyuma ya kabini urudi nyuma mpaka pale springi za nyuma zinaposhikia. Chuma kizima kinalia, sauti inatoka kali. Chuma kilichooza sauti yake nzito, imekufa, na kuna mahali nyundo inaacha shimo. Hapo sukuma na bisibisi. Ikizama, ama bei inashuka sana ama unarudi nyumbani na pesa yako. Yangu ilikuwa imeoza sehemu mbili tu, zote nyuma ya ekseli ya nyuma, huko mbele kwenye injini na usukani chuma kilikuwa kizima, nikajua hii inatengenezeka.

Alafu namba. Namba ya chesis kwenye hizi imepigwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele karibu na gurudumu, isugue na brashi ya waya mpaka isomeke vizuri uilinganishe na kadi ya gari herufi kwa herufi, na namba ya injini hivo hivo. Gari la umri huu limepita mikono mingi, injini inaweza kuwa imebadilishwa hata mara tatu na hakuna aliyeenda kuandikisha. Mwenye gari akikwambia kadi iko Kampala kwa ndugu yake, mwambie mzee wangu nitarudi kadi ikirudi, umsalimie vizuri uondoke.

Makanika wangu ni mzee wa Kilugbara ambaye zamani alikuwa anatengeneza magari ya mashirika ya misaada, hizi Hilux anazijua zote nati kwa nati. Tukalitoa bodi la nyuma, vijana wa gereji wakalibeba juu juu, chesis ikabaki uchi, na hapo ndo unaona gari lako kwa mara ya kwanza. Tukaiosha kwa maji ya presha, ndani ya vile vyuma yalitoka matope mpaka mtu anashangaa yalikuwa yanakaa wapi.

Kuchomelea chesis kuna namna yake na hapa ndo watu wanaibiwa sana. Kubandika kipande cha bati juu ya kutu hakuna maana, ile kutu inaendelea kula chini ya kiraka. Mzee alikata sehemu mbovu yote mpaka akafika kwenye chuma cheupe, akakata bamba la milimita 3, na hilo bamba hakulikata mraba, alilikata ncha ncha kama almasi ya karata. Nikamuuliza mzee kwa nini unajisumbua, akasema ukichomelea mstari uliosimama wima kukatiza chesis, chesis yote itakuja kukatikia pale pale pembeni ya ule mstari siku umebeba mzigo, lakini ukiuchomelea kwa mshazari nguvu inagawanyika. Na kabla hajawasha mashini alitoa waya za betri na za altaneta, hiyo hakikisha fundi wako anafanya la sivyo unaunguza altaneta bure. Umeme nao uangalie. Sisi huku kwa miaka mingi hatukuwa kwenye gridi ya taifa, tulikuwa na majenereta na baadae kabwawa ka Nyagak ka megawati 3.5 kwa mkoa mzima, kwa hiyo mafundi wa huku wamejifunza kuvizia saa umeme una nguvu, maana umeme ukiwa dhaifu moto hauzami ndani ya chuma, juu unaona mshono mzuri na ndani hakuna kilichoshikana. Kazi ya chesis, chuma na fundi, ilinitoa laki 4 na nusu. Baada ya hapo redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mikono miwili, nyeusi juu, na ndani ya yale maboksi tukapuliza oili iliyochanganywa na grisi mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye vitundu. Tulifunika breki na bushi za mpira kwanza, oili inaua mpira.

Breki. Hapa niruhusuni niongee sana kwa sababu hili jambo sijaona mtu analisema kwa Kiswahili na linaua watu. Ukilala chini ya Hilux, juu ya ekseli ya nyuma kuna kifaa kidogo kimefungwa kwenye chesis, kina mkono mrefu mwembamba wa chuma unaoshuka mpaka kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu mgongo umeinuka, ule mkono unakaa chini, kifaa kinapunguza nguvu ya breki za nyuma ili tairi za nyuma zisifunge ukaserereka. Ukipakia, mgongo unashuka, mkono unasukumwa juu, kifaa kinaachia breki za nyuma zipate nguvu yote. Kitu cha akili kabisa na hakina umeme wowote. Sasa huku kwetu kila mwenye pikap akinunua anachofanya kwanza ni kuongeza jani la springi nyuma ili abebe zaidi. Jani likiongezwa mgongo unainuka, na ule mkono unakiambia kifaa kwamba gari ni tupu, hata kama umebeba gunia za mihogo mpaka juu ya kabini. Breki za nyuma hazifanyi kazi yake, za mbele ndo zinabeba kila kitu, zinachemka, na wewe uko kwenye mteremko wa kushuka Pakwach unaelekea darajani.

Kwenye yangu mtu alikuwa ameufunga ule mkono na waya. Mzee alipouona alikaa kimya kidogo akaniambia, "Mwanangu, huyu aliyefunga hii waya hakutaka ufike." Tukafungua, tukakuta kifaa chenyewe kizima kimeshikwa na kutu tu, kikalainishwa, na kwa vile na mimi nilitaka jani moja la ziada nyuma, tulitengeneza kibao cha chuma cha kuuinua ule mkono kwa kiasi kile kile mgongo ulichoinuka. Gharama yake ilikuwa kipande cha chuma na soda ya kijana aliyetoboa. Zilizobaki za breki nilinunua mpya zote, silinda za magurudumu ya nyuma, mipira, brek shuu, padi za mbele, paipu za mpira, masta silinda ikabadilishwa vifaa vya ndani. Laki 9 na ushei. Hapo sikutafuta cha bei rahisi na sitatafuta.

Ekseli ya mbele. Fo-wili ya miaka hii mbele ina ekseli nzima ya chuma na springi za majani, na pale gurudumu linapokatia kona kuna chuma kikubwa cha mviringo kama mpira, ndani yake ndo kuna jointi inayozungusha gurudumu, imelala kwenye grisi. Ndani zaidi kuna oili sili inayozuia mafuta ya difu, zile gia za katikati ya ekseli, yasije kwenye hiyo grisi. Sili ikichoka, mafuta ya difu yanavuja yanaingia kwenye grisi, yanachanganyika, na ukifungua unakuta kitu cha kahawia kinamwagika kama uji wa ulezi. Watu wakiona mafuta yamechuruzika ndani ya gurudumu wanafikiri ni breki, wananunua silinda, tatizo liko pale pale. Ukifungua fungua pande zote mbili siku moja, badilisha sili za ndani, ule mkanda wa nje wa kufutia vumbi, na bearingi ndogo za juu na chini ambazo usukani unazungukia. Kuna vipande vyembamba vya bati vimekaa chini ya kofia za hizo bearingi, ving'oe kwa utaratibu uviweke alama, cha juu kirudi juu cha chini kirudi chini, ndivyo vinavyoweka mkazo sawa na kulifanya gurudumu likae katikati. Mzee alivipanga kwenye gazeti akaandika na kalamu pembeni ya kila kimoja. Gari ambalo usukani ulikuwa unatetemeka ukifika 60 sasa linaenda limetulia kabisa. Laki 6 na nusu na bearingi za magurudumu humo humo.

Injini niliacha ikae mpaka hivyo vyote vimekwisha, na ilikuwa vigumu kusubiri maana kila mtu anayepita anauliza "inawaka?" Hii 2L ukubwa wake ni cc 2446, injini ngumu, ukiipa oili kwa wakati inakuvumilia kwa mengi sana, kitu kimoja tu haisamehi, joto. Ikichemka silinda hedi inapasuka, mara nyingi katikati ya valvu. Na inachemka kwa nini? Rejeta imeziba kwa sababu mtu alikuwa anajaza maji ya mtoni na ya kisima miaka yote, alafu fundi mmoja akaja akasema toa themostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, watu wanatoa, joto linapungua kidogo siku za baridi, wanafurahi. Kutoa themostati hakuzibui rejeta. Injini inazunguka baridi asubuhi nzima, inakunywa dizeli, inatoa moshi, na mchana ukipanda kilima na mzigo bado inachemka vile vile kwa sababu rejeta bado imeziba. Ile themostati nunua mpya uirudishe.

Hedi yangu tuliitoa, nikaipeleka mwenyewe Kampala, Ndeeba, kwenye karakana ya mashini, wakaiziba matundu wakaipima kwa presha ya hewa ndani ya maji. Kama kuna ufa mapovu yanatoka. Nilikuwa nimesimama pale moyo unadunda, hayakutoka. Wakaisawazisha uso, valvu zikasagwa, ikarudi. Gasketi mpya ya hedi, wota pampu mpya, paipu zote za maji mpya, rejeta ikafunguliwa vichwa vya juu na chini ikachokonolewa na fito nyembamba za chuma ikachomelewa tena. Nozo za kunyunyizia dizeli zikapelekwa kwa fundi wa pampu zikapimwa, hita plagi nne mpya. Na mkanda wa taiming, jamani, huu Toyota wenyewe wanasema kila kilomita laki 1, kwenye gari ambalo hujui historia yake hakuna cha kuuangalia ukasema bado mzuri, ubadilishe siku hiyo hiyo umelinunua kabla hujalipeleka popote, ukikatika valvu zinagongana na pistoni na hapo umerudi mwanzo. Injini yote ilikula milioni 2 na laki 2, na ndio sehemu kubwa kuliko zote.

Spea. Sisi tuko mbali na Kampala, ni karibu kilomita 500 kupitia Pakwach na Karuma, kwa hiyo unajifunza kununua kwa akili. Kisekka na Ndeeba utapata kila kitu cha Hilux, na hilo ndo jambo linalofanya hii gari iwezekane kwa mtu wa kipato cha kawaida, ungekuwa na gari la ajabu ungekaa miezi ukisubiri. Ninachofanya mimi ni kupiga picha ya spea ya zamani ikiwa imelala pembeni ya futi au rula, naituma kwa WhatsApp kwa kijana ninayemwamini kule, anazunguka, ananitumia picha ya aliyoipata naye ameiweka pembeni ya rula, tukikubaliana namtumia pesa kwa simu, spea inapanda basi la usiku asubuhi naichukua stendi. Na ujue cha kununua kipya na cha kununua yuzdi. Chochote cha breki, mpira, sili, mkanda, gasketi, bearingi, hicho kipya na utafute cha kampuni inayoeleweka, uangalie maandishi kwenye boksi na kwenye spea yenyewe yalingane. Mlango, kioo, taa, gia boksi, altaneta, starta, hizo za Japan zilizotoka kwenye magari yaliyokatwa ni nzuri na bei inashuka sana, mara nyingi ni bora kuliko mpya za bei chee. Tairi nilinunua mbili mpya za 205R16 za mbele, zile mbili nzuri zilizokuwepo zikaenda nyuma. Ukinunua tairi angalia ile namba ya tarakimu nne ubavuni, 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021, ya zamani sana hata kama ina meno yote raba yake imeshakauka.

Wayaringi sitaiongelea sana. Tulitoa kila waya ambao hatukujua unaenda wapi, tukaweka relei mbili za taa za mbele ili umeme utoke moja kwa moja kwenye betri usipitie swichi ya zamani, na taa zikawa taa. Kazi ndogo na inabadilisha kabisa kuendesha usiku.

Hapo sasa ndo nikaruhusu bodi. Milango ilikuwa mizuri, sakafu ya kabini upande wa dereva ilikuwa imetoboka, matao ya magurudumu ya nyuma yameliwa. Fundi wa bodi nilikubaliana naye kabla ya kazi kwamba palipooza panakatwa panawekwa bati la geji 18, filla ni ya kulainisha tu juu, isizidi unene wa shilingi ya sarafu. Mimi mwenyewe nilikuwa napita na sumaku ndogo ya spika ya redio, ikishika vizuri kuna chuma, ikidondoka kuna filla nyingi. Hakukasirika, alikuwa fundi mwenye kujiamini, alinipa yeye mwenyewe mahali pa kujaribu.

Rangi nilichagua krimu, ile ile iliyotoka nayo kiwandani, niliiona ilivyokuwa nyuma ya kiti ambapo jua halifiki. Kuna rangi ya kukauka na thina peke yake na kuna ile ya kuchanganya na hadena. Ya thina ni rahisi na ukikosea unasugua unarudia, lakini jua letu linaifubaza haraka na dizeli ikimwagikia inalainika. Ya hadena ni ghali na inadumu, hiyo ndo nilichukua, ila nasisitiza kwa wanaopiga wenyewe, ile hadena ikivutwa puani inaharibu mapafu, kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii kitu, tafuta maski yenye vichujio vya pembeni, na vijana wa gereji wanaosimama kuangalia watoke. Usipige Januari, vumbi la hapa mwezi huo linaingia hata kwenye chai. Sisi tulipiga asubuhi mapema mvua zikiwa zimeshaanza, tumemwaga maji sakafuni vumbi likalala, upepo bado haujaamka. Bodi na rangi, milioni 1 na nusu.

Na madoido? Yapo, mimi napenda sana gari liwe na uso wa mwenyewe. Kiti cha benchi kimeshonwa upya na leksini ya kahawia, katikati tumepitisha mistari ya kitenge alichochagua mama watoto, na kila anayepanda anakishika. Bodi ya nyuma imewekwa mbao za mvule chini ili bati lisigongwe na mizigo, na juu fremu ya mabomba ya kufungia turubai, inatoka kwa bolti nne ukitaka kubeba kitu kirefu. Bampa la mbele la chuma kizito nililikataa, vijana walitaka sana, lakini uzito ule wote unakaa juu ya springi za mbele na ile ekseli niliyoihangaikia. Kuinua gari juu nako nilikataa, linapendeza kwenye picha, kwenye kona na mzigo ni jambo lingine.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote kwa kuangalia ni mlango wa nyuma. Neno TOYOTA limepigwa kwenye bati lenyewe, herufi kubwa zimeinuka. Lilikuwa limegongwa gongwa, herufi ya pili ya O ilikuwa imebonyea imekuwa kama yai, na wengi waliniambia weka bati jipya tambarare uandike na stika. Fundi wa bodi alikaa na kigingi cha mbao na nyundo ndogo, anagonga kwa nyuma, anageuka anapapasa kwa mbele na kidole, anagonga tena, mchana mzima kwa herufi moja. Alafu tukamwita fundi wa maandishi, yule anayeandika mabango ya maduka, akajaza herufi zote nyeupe kwa brashi ya mkono bila kufunga utepe wowote pembeni, mstari umenyooka kabisa.

Kwa hiyo hesabu yangu imekaa hivi, kwenye milioni 7 na laki 3 zilizoingia juu ya bei ya kununua, milioni 4 na laki 2 ziko chesis, breki, ekseli na injini, mahali ambapo mpita njia haoni. Laki 9 tairi, laki 2 waya, milioni 1 na nusu bodi na rangi, laki 5 kiti, mbao na turubai.

Bado kuna vitu. Mpira wa kioo cha mbele umekauka, mvua kubwa maji yanaingia kwenye pembe ya kushoto, na mipira ya vile vioo vidogo vya pembetatu vya milangoni imeisha kabisa. Vya kukata kutoka kwenye mpira wa mita nimevijaribu, havikai vizuri kwenye pembe. Kisekka wameniletea vya umbo la 1989 kwenda mbele, haviingii. Kama kuna mtu yuko Kampala, Mbarara, hata ng'ambo Congo, Ariwara au Bunia, anajua mahali penye mipira ya Hilux ya 1983 mpaka 1988, aniambie bei na anipigie picha, pembeni aweke rula.